Ni nani anastahili kuliliwa?

Katika desturi zetu, matanga haina mwaliko. Mtu akifa kwenye avenyu, majirani wanaleta viti, makala na unga. Wamama wanalala chini pamoja na mwenye kufiwa. Vijana wanakesha kwenye moto. Jina la marehemu linaitwa, na hakuna anayeuliza kwanza kama aliishi sawa tunavyotaka. Lakini tujiulize bila woga: hii desturi ni ya kila mtu, ao ni ya wale tu wanaofanana na sisi?

Tuchukue mfano wa mbali. Kule Boston, Marekani, tarehe 28 Novemba 1998, Rita Hester, mwanamke mweusi, aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa transijenda, maana yake alipozaliwa alihesabiwa mwanaume, lakini alijijua na kuishi kama mwanamke. Magazeti mengine ya kule yalimwandika sawa mwanaume, hata jina lake yakalitia mashaka. Ni kama kuua mtu mara mbili: mwili, halafu jina. Siku chache nyuma, watu walitembea na mishumaa mpaka nyumbani kwake. Mwaka 1999, Gwendolyn Ann Smith, yeye pia transijenda, alianzisha siku ya ukumbusho, juu aliona watu wamekwisha kumsahau Chanelle Pickett, aliyeuawa karibu na Boston tarehe 20 Novemba 1995. Tangu pale, kila tarehe 20 Novemba, katika miji mingi ya dunia, majina ya waliouawa yanasomwa kwa sauti.

Sisi tunaitambua ile kazi: ni matanga. Kwetu pia jina ni mtu. Mama akimpa mtoto jina la baba yake, anamwita yule mtoto «baba». Basi kukataa jina la marehemu ni kumfukuza katika jamaa hata akiwa kaburini.

Wamoja watasema: kumlilia ni kukubali maisha yake. Hapana. Tunamzika jirani tuliyeshindana naye juu ya kiwanja, na hatusemi kwa ile kwamba kiwanja kilikuwa chake. Kilio si hukumu. Ni kusema tu: huyu alikuwa mtu, na alikuwa wetu.

Tena, kulia peke yake hakutoshi. Wale wanaosoma majina, wengi walifukuzwa na jamaa zao. Ndiyo maana wanapeana mahali pa kulala, wanachanga pesa, wanasindikizana hospitali. Sisi tunaojua likelemba hatuwezi kushangaa. Hata hapa kwetu kuna mzazi anayemfukuza mtoto juu ya jambo hili, na mtoto anapotelea katika muji wa mbali. Siku akifa, nani ataita jina lake?

Wazee walisema kufa na kuzikana. Lakini tukingojea kifo ndipo tumpelekee mtu unga, tumechelewa. Mlango tunaoufungua siku ya matanga, tuufungue angali anapumua.