Haki ya Watoto wa Askari Ambaye Moyo Wake Umeugua

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad:

Ndugu zetu wa Matungu, katika kaunti ya Kakamega, wametuletea swali ambalo tumeliona si lao peke yao, bali ni letu sote. Wasema kwamba wako kwao askari waliorejea kutoka Somalia wakiwa wazima wa viungo, lakini usiku hawalali, mchana hawataki kusema na mtu, na hasira zao zaja ghafula kama moto wa makuti. Wake zao nao wamedhoofika kwa wahaka, na watoto wadogo wa nyumba hizo wamekuwa kama mayatima ilhali wazazi wawili wako hai. Wauliza: haya ni majini, au ni udhaifu wa imani, au ni maradhi? Na nini wajibu wa jirani Muislamu?

Huenda msomaji wetu wa Mombasa au Lamu akasema, "Matungu na sisi wapi na wapi?" Nasi twamjibu kwamba dini ya ndugu hao iliwafikia kwa mkono wa watu wetu. Misafara ya biashara iliyotoka pwani ndiyo iliyoufikisha Uislamu Mumias katika karne ya 19, kwenye ufalme wa Wawanga, na wengi wa nyumba ya Nabongo Mumia wakasilimu. Matungu ni jirani wa Mumias, nchi ya miwa, na misikiti yao ni matunda ya safari hizo. Hatuwezi kujisifu kwa kuwapelekea shahada kisha tukawanyima jawabu wanapotuuliza. Tena jambo lenyewe liko mlangoni petu. Jeshi la Wanamaji lina makao yake Mtongwe, na askari wamo Nyali na Manda. Nani katika sisi asiyemjua mke wa askari anayehesabu siku?

Tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia, maelfu ya vijana wamekwenda na kurudi. Januari 15 mwaka 2016 kambi yao ya El Adde ilivamiwa, na Januari 27 mwaka 2017 ikavamiwa ya Kulbiyow. Baada ya El Adde familia nyingi zilingoja siku nyingi bila ya khabari yakini, na maiti wengine hawakutambulikana ila kwa kupimwa damu ya jamaa zao. Aliyekufa tumemsomea. Aliyekatika mguu twamwona, twamhurumia. Lakini yule aliyerudi na miguu yake miwili, na macho yake mawili, na moyo uliobaki kule, huyo ndiye tusiyemjua haki yake.

Basi jawabu letu la kwanza ni hili: haya ni maradhi. Mwili wa binadamu umepewa na Muumba wake namna ya kujikinga na hatari: moyo hupiga mbio, damu huchemka, usingizi hukimbia, mpaka hatari ipite. Mtu akikaa miezi katika khofu ya kufa, na akaona wenzake wakifa mbele yake, huenda ile khofu isizimike hata akirudi nyumbani. Mlango ukibamizwa, yeye huruka. Harufu ya kitu kinachoungua humrudisha vitani. Akilala hujiwa na majinamizi. Akiwa macho hukwepa kila kinachomkumbusha. Wengine huwa kama wamekufa ganzi, hata mtoto akimkumbatia hahisi kitu. Matabibu wameyachunguza maradhi haya, nayo yana dalili zake na yana tiba yake, ya mazungumzo na mjuzi na ya dawa pia.

Wala si mume peke yake anayeugua. Mke aliyebaki na mtoto mchanga, asiyelala kwa kungoja simu, naye huweza kuingiwa na huzuni isiyotoka. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya nafsi, na aghalabu yao ni hii huzuni nzito. Mama wa namna hii haambiwi mvivu, wala haambiwi hampendi mwanawe. Ni mgonjwa, na mgonjwa huuguzwa.

La kusikitisha ni kwamba watu wetu wakiona dalili hizi hukimbilia kwa mganga. Hapo hutajwa pepo, hutakiwa mbuzi mwenye rangi maalumu, huvalishwa hirizi, na mshahara wa mtu ukaliwa, na watoto wakalala na njaa. Sisi hatukanushi kuwako kwa majini, kwani Kitabu kimewataja. Lakini kuwako kwao si ruhusa ya kuwabandikia kila homa na kila huzuni. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo la kheri na ni katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), ambaye pia ametuamrisha kujitibu na kutufahamisha kwamba hapana ugonjwa usioumbiwa dawa. Basi asomewe, na apelekwe hospitali. La kwanza halizuii la pili. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge vyake kwa kuwa amesomewa, huyo amedhulumu, na akitokewa na madhara ana jukumu lake.

Wako wengine wasemao kwamba mwenye imani kamili haugui moyo. Hawa twawauliza: Je, Nabii Yaakub (A.S.) hakuwa na imani? Naye alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakapofuka kwa huzuni. Na Mtume wetu hakububujikwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim? Na mwaka aliofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib haukuitwa na wanazuoni Mwaka wa Huzuni? Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiamrisha wenye msiba na wagonjwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri, kwa alivyomsikia Mtume akisema kwamba humpumzisha mgonjwa moyo na kumpunguzia huzuni. Angalieni, ndugu zetu: mwenye huzuni hakukaripiwa, alipikiwa uji.

Na wazee wetu katika elimu walilijua hili kabla ya mataifa mengi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akabainisha kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba yapasa kutibiwa vyote viwili. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake kubwa mjini Cairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili walitengewa mahali pao, wakatibiwa humo pamoja na wagonjwa wengine. Leo sisi, warithi wa watu hao, twamfungia mgonjwa chumba cha uani asionekane na wageni!

Ama watoto, hao ndio asili ya maneno yetu. Mtoto mdogo hajui vita wala hajui maradhi ya moyo. Akimwona baba amekasirika, au mama analia, hudhani kosa ni lake. Yule aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena; aliyekuwa msemaji hunyamaza; mwengine humng'ang'ania mama hataki kumwacha hata mlangoni; mwengine hupiga wenziwe chuoni, na mwalimu akamchapa, akaongezewa dhiki juu ya dhiki. Si utukutu huo, bali ni kilio cha asiyejua kusema.

Mtoto huyu aambiwe ukweli kwa kadiri ya akili yake: kwamba baba anaumwa, kwamba ugonjwa huo haukuletwa na yeye, kwamba yuko anayemtibu, na kwamba yeye mtoto atatunzwa. Maneno manne tu, lakini yamtosha kuliko kuambiwa "Nyamaza" kila siku. Kisha achungwe mazoea yake: wakati wa kula, wa kulala na wa chuo usibadilikebadilike, kwani kitu kisichobadilika ni kama nguzo kwa mtoto ambaye nyumba yake inatikisika. Na afundishwe kwamba baba akiwa amelala asirukiwe wala asitikiswe, bali aitwe kwa jina kutoka mlangoni.

Mtume wetu alikuwa akiufupisha Sala aliposikia mtoto analia, kwa kumhurumia mama yake. Na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), usiku mmoja aliposikia mtoto mchanga akilia sana, aliuliza, akaambiwa kwamba mama yake anamwachisha ziwa mapema kwa kuwa posho ya hazina haitolewi ila kwa aliyekwisha kuachishwa. Umar akalia, akaamrisha kila mtoto wa Muislamu apewe posho tangu kuzaliwa kwake. Na aliposikia mke wa askari akilalamika usiku kwa upweke, alimwuliza binti yake Hafsa mke aweza kumsubiri mumewe kwa muda gani, kisha akaweka mpaka wa miezi minne, na katika mapokezi mengine sita, ambao askari asizuiliwe zaidi ya huo. Kiongozi wa dola kubwa alikesha kwa ajili ya kilio cha mtoto mmoja na malalamiko ya mke mmoja. Sisi je, ambao ukuta wetu umeshikana na ukuta wao?

Hapa twajua kwamba wako watakaosema: "Askari huyu alikwenda kupigana katika nchi ya Waislamu, na hapa pwani tumeona mengi kwa mikono ya wenye bunduki. Kwa nini tumsaidie?" Hatuwadharau wasemao hivi, kwani machungu yao yana sababu. Wala hatulinganishi vita hivi na vita vya masahaba. Lakini twasema: mtoto wa miaka mitatu hakushika bunduki, na katika dini yetu hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyengine. Mgonjwa hutembelewa kwa ugonjwa wake, haulizwi kwanza siasa yake. Na mwenye haki ya jirani haki yake haianguki kwa sababu ya kazi ya mumewe. Ikiwa tuna daawa na serikali, basi tuipeleke kwa serikali, tusiipeleke kwenye kitanda cha mtoto.

Basi twawausia ndugu zetu wa Matungu, na wa Mombasa, na wa Lamu, mambo haya:

Kwanza, kila msikiti uwe na wanaume wawili watatu na wanawake wawili watatu, wenye kujua kufunga midomo, wa kuzizuru nyumba hizi. Wasiende na mawaidha marefu. Waende na chakula, wafue nguo, wamshike mtoto mchanga mama apate kulala saa mbili. Siri watakayoiona ni amana, na mwenye kuitoa barazani amekhini.

Pili, mgonjwa apelekwe hospitali iliyo karibu, na aombe kupelekwa hospitali kuu ya kaunti mjini Kakamega ikihitajika. Na askari aliye kazini awaeleze matabibu wa jeshi. Nauli yake na itoke katika sadaka zetu; na akiwa fakiri au masikini, zaka yafaa kumfikia. Mwezi wa Ramadhani amwulize tabibu juu ya nyakati za dawa, kwani mgonjwa amepewa rukhsa ya kutofunga, na rukhsa ya Mola si aibu.

Tatu, mwalimu wa chuo aambiwe hali ya mtoto, amlee kwa upole.

Nne, na hili twalisema wazi: subira si kuwaacha watoto wapigwe. Baba akiwa hatari kwa mkewe au wanawe, watolewe nyumbani wapelekwe kwa jamaa mpaka atibiwe, na wazee wasimrudishe mke kwa nguvu kwa jina la dini. Na mgonjwa akisema kwamba ataka kujiua, asichekwe wala asihubiriwe. Asiachwe peke yake, kiondolewe kila chombo cha hatari, naye apelekwe kwa tabibu saa ile ile. Kujiua ni haramu, hapana khilafu, lakini ndiyo sababu ya kumwokoa. Tena Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Mahakama imekwisha kumwona huyo kuwa ni mtu wa kutibiwa. Haifai msikiti uwe nyuma ya mahakama katika huruma.

Katika miji ya Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam zimesimama sanamu za askari waliokwenda katika Vita Kuu ya kwanza ya dunia. Watu huzipita kila siku. Lakini watoto wa askari wale, na usiku waliokesha pamoja na baba zao waliorejea, hapana aliyewaandika. Tusikubali wa leo nao wapitwe hivyo hivyo, hali sisi tunao uwezo wa kubisha hodi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape utulivu wazazi, awahifadhi watoto, na atujaalie katika wanaosikia maneno wakayafuata yaliyo mema yake. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.