Moto Ulio Chini ya Nchi

Somo: Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, mstari wa 1 hata wa 12, na wa 28.



Wengi wetu huipita sura hii upesi, maana yasimulia kazi ya machimbo, na sisi wa Newala na Masasi tu watu wa mihogo na korosho. Mwezi huu twawaomba mketi nayo kitako. Ayubu aitazama nchi, naye aona mambo mawili: juu yake hutoka chakula cha mwanadamu, na chini yake mna mageuzi kana kwamba moto umepita. Juu mkate, chini moto, na nchi ni ile ile moja.

Jambo la juu twalijua. La chini twalijua nusu tu, kwa njia ya maji. Uwanda wetu wa Makonde ni mchanga. Mvua ikinyesha maji hayakai. Yazama, yaenda chini sana, hata yatokeze miguuni pa mteremko, baridi na safi. Kwa hiyo mama zetu walishuka magengeni alfajiri na mitungi, wakapanda tena jua likiwa kali. Wazee walikuwa na neno la kale la kukataza watu wasijenge bondeni karibu na maji, kwa kuogopa maradhi. Basi wakakaa juu penye hewa njema, na maji wakayalipa kwa miguu yao.

Katika Bonde la Ufa mambo huanza vivyo hivyo. Mvua yanyesha, maji yazama katika nyufa za mwamba. Lakini huko ganda la nchi limepasuka na kukonda, na mawe yaliyoyeyuka yamepanda karibu. Maji yakifika chini hukuta jiko. Hupata moto kupita kiasi cha kuchemka, wala hayawezi kugeuka kuwa mvuke, kwa sababu uzito wa maji na miamba iliyo juu huyakandamiza, kama sufuria ambayo kifuniko chake kimewekewa jiwe. Mafundi hutoboa kisima kirefu, kilometa mbili au tatu kwenda chini. Mdomo wake ukifunguliwa mvuke hupanda kwa ngurumo, huongozwa katika mabomba, hupiga mapanga ya gurudumu la chuma, na gurudumu huzungusha mashine ifanyayo umeme. Maji yaliyopoa hurudishwa chini kwa kisima kingine yapate moto tena. Nguvu hiyo siku hizi yaitwa jotoardhi.

Wa kwanza kuijaribu walikuwa Waitalia. Mwaka 1904, pale Larderello, Piero Ginori Conti aliwasha taa kwa mvuke wa ardhi, nazo zilikuwa taa tano tu. Jirani zetu wa Kenya walitoboa visima viwili Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, katika miaka ya 1950, visitoe kitu cha kufaa. Kazi ikaachwa, ikashikwa tena miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kutoa umeme. Leo karibu nusu ya umeme wa Kenya watoka chini ya ardhi, wala haungoji mvua. Hili si neno dogo. Mwaka 2022, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa yetu, umeme uligawiwa kwa zamu katika sehemu nyingi za Tanzania.

Kwetu Tanzania moto huo upo. Mlima wa Oldoinyo Lengai ulitapika majivu mwaka 2007 na 2008. Mwaka 2013 Serikali iliunda kampuni ya kushughulikia jotoardhi, iitwayo TGDC, nayo imepima Ngozi na Kiejo-Mbaka katika nchi ya Mbeya na Rungwe, na Songwe, na Natron upande wa kaskazini, na Luhoi huko Rufiji, ambako ni karibu nasi kuliko kote. Hesabu zao zasema nchi yetu yaweza kutoa megawati zaidi ya 5,000. Lakini hesabu haiwashi taa, na wenye kazi hii hukiri wenyewe kwamba hakuna ajuaye hakika mpaka kisima kimetobolewa, na kisima kimoja chagharimu fedha nyingi sana, nacho chaweza kutoka kikavu.

Mtauliza: Mbona mchungaji awahubiri mvuke watu wasio na mlima wa moto? Kweli, majabali ya Masasi ni mawe ya kale mno, yamepoa tangu zamani zisizohesabika. Twawajibu kwa neno moja: Mitema. Maji tunayokunywa Newala yatoka katika visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, nayo husukumwa juu kwa mashine. Umeme ukikatika maji hayapandi, na mama aliyekwisha kusahau njia ya magengeni huikumbuka. Basi asiseme mtu kwamba umeme ni anasa ya watu wa mjini. Huku kwetu umeme ni ndoo ya maji.

Na liko sababu la pili, ambalo si rahisi kuliandika. Sisi nasi tunayo hazina chini ya nchi. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na kwa miaka mingi ndiyo iliyowasha taa za Mtwara na Lindi. Ilipotangazwa kwamba bomba litalazwa kuipeleka Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliinuka, mwezi wa Januari mwaka 2013 na tena mwezi wa Mei. Masasi nako, Januari ile ile, moto uliteketeza nyumba na ofisi, na watu wakafa. Mnakumbuka siku zile. Bomba lilikamilika mwaka 2015.

Jumapili iliyofuata ghasia tulipanda mimbarani tukahubiri Warumi 13, juu ya kuwatii wenye mamlaka. Hatukusema uongo. Lakini baada ya ibada bibi mmoja mwenye fimbo alitushika mkono mlangoni, akasema, “Baba Mchungaji, sisi umetuambia tunyamaze. Na wale wenye bomba, umewaambia nini?” Hatukuwa na neno. Tulimwambia tutaonana, tukaenda zetu.

Nusu ya jibu tungaliweza kumpa hata siku ile. Gesi si mbuzi wa Mtwara. Hakuna babu yetu aliyeipanda, wala aliyeipalilia. Kama tungeshika kwamba kilicho chini ya miguu yetu ni chetu peke yetu, tungewaambia nini ndugu zetu Walutheri wa Konde, ambao baba zao walipokea Injili kwa wamisionari wa Berlin waliofika mwaka 1891? Wao wakaa juu ya jiko lenyewe. Umeme wa Ngozi ukipatikana siku moja ukasukuma maji ya Mitema, je, tungependa waseme, Haya ni yetu, ninyi wa kusini tafuteni mlima wenu?

Nusu ya pili ya jibu twaiona Olkaria. Mwaka 2014 familia za Wamasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV. Hatutaki kusema kwamba walitupwa. Walijengewa nyumba za mawe, wakapewa ardhi. Hata hivyo wengine walilalamika juu ya makorongo ya ardhi ile, na umbali, na hati, wakapeleka shauri lao kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizotoa mikopo. Wapatanishi wakaja, na mazungumzo yakafanyika mwaka 2015 na 2016, yaani baada ya watu kuhama. Hapo ndipo moyo wetu unapokwama. Masikio yalifunguliwa mwishoni, hali yalihitajiwa mwanzoni.

Someni na 1 Wafalme 21. Twazoea kumtaja Ahabu kama mnyang'anyi tangu neno la kwanza, lakini angalieni: alianza kwa bei nzuri. Alimpa Nabothi shamba bora kuliko lake, au fedha. Nabothi alikataa kwa sababu pale palikuwa urithi wa baba zake, na urithi hauna bei sokoni. Dhambi ilianza pale mfalme alipokwenda kulala kitandani amenuna kwa kuwa ameambiwa hapana. Hatusemi kila ajengaye mtambo ni Ahabu. Kama ndivyo, tungekunywa maji gani? Twasema kwamba malipo hayajamaliza neno, kama mwenye kaburi la baba yake hajasikilizwa.

Ayubu naye yuko hapo. Mwanadamu, asema, aipata njia ambayo tai hakuiona, apasua mwamba, atoa nuruni kilichofichwa. Kisha auliza hekima iko wapi, na machimbo hayamjibu. Fundi aweza kupima joto kilometa tatu chini ya miguu yake, asimwone mjane aliyesimama mbele yake. Na mchungaji aweza kuijua Warumi 13 kwa moyo, asimwone pia.

Yule bibi amelala katika Bwana. Jibu lake limechelewa, nasi twaliandika hapa kwa kuwa watoto wake wasoma gazeti hili.

Ninyi wainjilisti, isomeni sura hii na vijana wa kipaimara, wala msiwakataze wakiuliza habari za nyaya na mita na fidia. Na katika sala ya kanisa mwezi huu waombeeni mafundi watoboao visima, Mungu awalinde na mvuke na harufu mbaya ya kiberiti; waombeeni ndugu wa Rungwe na Mbeya, waulizwe mapema, kabla mashine hazijafika; waombeeni Wamasai wa Olkaria katika makao yao mapya; waombeeni waliofiwa Mtwara na Masasi mwaka 2013, maana wako miongoni mwetu, na wengine hatujawatembelea. Tena iombeeni mashine ya Mitema.