MOTOKAA KONGWE ILIYOFANYWA UPYA, NA HAKI YA MNUNUZI

Biashara haiharibiki kwa uwongo mtupu peke yake. Mara nyingi huharibika kwa ukweli uliosemwa nusu, na nusu iliyobaki ikafunikwa kwa rangi. Muuzaji husema neno la kweli, mnunuzi husikia neno la kweli, na juu ya hayo dhuluma ikapita katikati yao. Mfano wa jambo hili umo katika soko la motokaa kongwe nchini Marekani, na khasa zile zenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Mafundi huzivua mpaka chuma kikabaki kitupu, kisha huziunda upya na kuzitia vyombo vya kisasa ndani. Je, aliyenunua motokaa ya namna hii amenunua nini: kitu cha kale au kitu kipya? Na ni yapi yampasayo muuzaji kuyabainisha, hata fedha aliyoipokea iwe safi mkononi mwake?

Na ichukuliwe motokaa moja iwe mizani ya maneno haya, nayo ni Ford Mustang. Ilitolewa mbele ya watu tarehe 17 Aprili 1964, katika maonyesho makubwa ya dunia mjini New York, na bei yake ya chini kabisa ilikuwa dola 2,368. Watu waliikimbilia, na kabla ya kutimia miaka miwili zilikuwa zimekwisha tengenezwa motokaa milioni moja. Zile za turubai za namna ya 1965 peke yake zilizidi laki moja. Basi si chombo cha nadra. Wengi waitafutao leo hawatafuti chombo cha kuwafikisha safari, kwani hicho wanacho tayari. Wanatafuta siku zao za ujana, au sauti ya injini waliyoisikia walipokuwa watoto ikiingia uani kwa baba yao. Na mtu anunuaye kwa ajili ya kumbukumbu ni mwepesi wa kudanganywa, kwa kuwa moyo wake umekwisha lipa kabla ya mkono wake.

Lakini aipendaye kwa macho na aijue kwa mwili pia. Breki zake za kawaida zilikuwa za ngoma katika magurudumu yote manne, na mafuta ya breki yalipita katika masta silinda yenye njia moja tu. Bomba moja likipasuka, dereva hukanyaga pasipo na kitu, akabaki na breki ya mkono, ambayo hushika magurudumu ya nyuma tu. Njia mbili zilizotengana zilikuja na namna ya 1967. Tangi la petroli lilitiwa nyuma, na bati lake la juu ndilo lililokuwa sakafu ya mahali pa mizigo. Mikanda ilifunga kiuno, wala haikushika kifua. Na injini yake iliundwa kwa petroli yenye risasi, ambayo sheria ya Marekani iliiondoa kabisa katika magari ya barabarani mwaka 1996.

Kwa sababu hizi mafundi hutia breki za diski, masta silinda ya njia mbili, mikanda ya begani, gia tano mahali pa tatu au nne, na viti vya vali vya chuma kigumu. Na hapo watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja husema kwamba kugusa chombo cha kale ni kukiua, na kwamba kila skurubu iliyotoka kiwandani na ibaki mahali pake. Kundi la pili husema kwamba motokaa haikuundwa ili itazamwe, bali ili iendeshwe, na kwamba mtu hana ruhusa ya kumpakia mkewe na watoto wake katika chombo kisichosimama kwa ajili ya kuheshimu bomba la mwaka 1965. Kila kundi lina haki yake. Wa kwanza wanalinda ukweli wa habari za zamani, na wa pili wanalinda roho za watu. Anayetaka kuiweka motokaa yake ndani na kuitoa siku za maonyesho, hana lawama akiiacha kama ilivyozaliwa. Anayetaka kuiendesha katika barabara kuu, kati ya magari yaendayo maili sabini kwa saa, breki njema kwake si anasa. Ni amana ya nafsi yake na za wenziwe.

Basi likiwa hivyo, je, iliyobadilishwa namna hii ingali ni motokaa ya 1965? Watu wa pwani wanalijua swali hili kwa majahazi. Jahazi likitolewa ubao mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ujao, mikononi mwa nahodha yule yule, hapana mtu awezaye kusema ni ubao gani ulioondoka na jina lake, hata kama mwishowe hakusalia ubao wa kwanza hata mmoja. Ama mtu akiokota ubao wa jahazi lililovunjika, akaupigilia katika jahazi jipya na kulitembeza bandarini kwa jina la lile la kwanza, atachekwa na watoto. Baina ya mambo haya mawili pana mpaka, lakini mpaka wenyewe haukuchorwa, na wenye akili watabishana juu yake wasikubaliane.

Na hapa ndipo wajanja wanapojificha. Husema: maadamu hakuna ajuaye mpaka ulipo, basi kila mtu na aite chombo chake jina alitakalo. Hoja hii ni batili. Asiyejua mpaka ulipo anajua ni mbao ngapi zilizobadilishwa. Muuzaji hakutakiwa atatue mas-ala ya wanafalsafa. Ametakiwa ahesabu mbao. Na aseme: injini si ile ya kiwandani, gia zimebadilishwa, sakafu ni bati jipya, breki zimetiwa mwaka fulani na fundi fulani. Akiisha kusema hayo, kuiita motokaa ya kale au mpya ni hiari ya msemaji, wala hapana aliyedhulumiwa. Ubaya wote umo katika jina lililotangulia na hesabu isiyofuata.

Na mara nyingine hesabu hiyo imepigwa chapa katika chuma chenyewe. Nambari ya Mustang ya 1965 imegongwa ndani, chini ya boneti. Tarakimu yake ya kwanza, 5, ni mwaka. Herufi ifuatayo ni kiwanda. 08 ni bodi ya turubai. Na herufi ya baada yake ni injini. T ni injini ya silinda sita. C na A ni za silinda nane za inchi 289. Na K ni ile ya 289 yenye nguvu kuliko zote. Tena ya silinda sita ilifungwa magurudumu kwa nati nne, na ya silinda nane kwa nati tano. Ajuaye alama hizi huona kwa dakika chache motokaa iliyozaliwa na silinda sita ikatiwa nane baadaye. Kuitia nane si kosa. Kosa ni kuiuza kama kwamba ilizaliwa nazo, na kosa kubwa zaidi ni kutia injini nzito yenye nguvu huku ngoma za breki zikaachwa zile ndogo za inchi 9 zilizowekewa injini dhaifu. Wa kwanza ameiba fedha. Wa pili ameiweka roho ya mtu rehani pasipo mwenyewe kujua.

Aibu iliyo kubwa kuliko hizo ni kutu. Motokaa isiyo na paa la chuma hutegemea nguvu zake chini, katika sakafu na katika mihimili ipitayo chini ya milango; na waundaji waliongeza chuma mahali hapo kwa sababu hiyo. Lakini mahali hapo ndipo maji yanapokaa. Maji ya mvua huingia kwa matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, hula bati ndani kwa ndani, kisha hudondoka miguuni mwa abiria. Fundi asiye na haya huyajaza mashimo kwa puti, akasugua, akapiga rangi nyekundu ing'aayo, na mtu akiitazama huona kitu kilichotoka kiwandani jana. Dawa yake ni sumaku ndogo, ambayo hushika chuma wala haishiki puti, na kuinyanyua motokaa itazamwe chini. Muuzaji anayekataa inyanyuliwe amekwisha jibu swali.

Wasomaji wanaijua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono ndani akakuta umande, na juu ni kukavu. Mwenye mali alitoa udhuru wa mvua. Jibu alilopewa halikuwa kukatazwa kuuza chakula kilicholowa. Aliulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakione. Hukumu hii ni ya chungu ya nafaka, na ni ya mlango wa motokaa vile vile. Kitu chenye aibu chauzika kwa bei yake. Aibu iliyofichwa haiuziki kwa bei yoyote.

Wengine hukimbilia neno la "kama ilivyo". Tangu 1985 sheria ya Marekani inawataka wafanya biashara wa magari yaliyotumika wabandike karatasi dirishani, ieleze kama pana dhamana au motokaa inauzwa kama ilivyo. Na mtu auzaye yake binafsi hakuingizwa katika sheria hiyo. Neno hilo huenda likamwokoa mtu mbele ya mahakama. Lakini mafakihi wa Kishafii hawakulikubali sharti hilo kwa aibu ambayo muuzaji aliijua akainyamazia. Mnunuzi ana hiari ya kurudisha, maadamu ameharakisha tangu alipoijua, wala hakuendelea kuitumia kama aliyeridhika.

Huenda muuzaji akasema: nami niliinunua imekwisha pakwa rangi, sijui kilicho chini. Huyu hana dhambi ya asilolijua, lakini ana wajibu wa kusema kwamba hajui. Vile vile hesabu ya maili katika motokaa hizi ina tarakimu tano tu, ikipita 99,999 hurudi sifuri; basi asiyejua imezunguka mara ngapi asiisome kwa sauti ya mtu aliye na yakini.

Wala mnunuzi naye si malaika. Yuko anayeona kutu kwa macho yake akafumba, kwa kuwa amekwisha jiona yuko barabarani na turubai limekunjwa. Yuko anayezidisha aibu ndogo ili amvunje muuzaji bei, na kushusha kwa uwongo ni ndugu wa kupandisha kwa uwongo. Na yuko anayetoa akiba ya watoto wake kwa kitu cha kutazamwa na majirani. Huyo, hata akipewa motokaa isiyo na aibu hata moja, aibu imo katika ununuzi wenyewe.

Kwa ufupi, breki mpya katika chombo cha kale ni jambo la hekima, na rangi mpya juu ya chuma kizima ni jambo la halali. Muuzaji na aandike katika karatasi kila kilichoondoka na kila kilichoingia, aitie mkononi mwa mnunuzi kabla ya kupokea fedha, na amwachie ainyanyue na kutazama chini. Bei itakayobaki baada ya hapo ndiyo bei ya motokaa hiyo. Na iliyozidi hapo ilikuwa bei ya ujinga wa mwenziwe. Wallahu aalam.