Deni la Fundi na Deni la Mwanagenzi

Twajua sote ya kuwa kijana atakaye kazi ya mitambo hawezi kuipata katika vitabu peke yake. Hana budi kwenda kwa fundi, kukaa chini ya mkono wake, kutii, kungoja, na kukemewa mara nyingi. Na watu husema: Mwanagenzi amtii fundi wake, basi, neno limekwisha. Lakini je, limekwisha kweli? Ikiwa mwanagenzi ana deni la utii, fundi naye ana deni gani? Na wakihitilafiana wawili hawa, ni nani atakayewaamua? Swali hili si la karakana tu. Lawahusu wazazi na watoto wao, lawahusu na waalimu pamoja na wale wanaowafundisha kwa ajili ya ubatizo. Kwa hiyo yafaa tulifikiri.

Kwanza tutazame desturi ya kale. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1563 iliamuru ya kuwa mtu asifanye kazi ya ufundi pasipo kutimiza uanagenzi wa miaka 7. Kwa kawaida kijana alikaa nyumbani mwa fundi, akala chakula chake na kufanya kazi yake, na mara nyingi baba yake alitoa fedha ili apokewe. Amri ile ya miaka 7 iliondolewa mwaka 1814. Ilikuwa na wema wake, maana mkono haujifunzi kwa haraka. Lakini ilikuwa na ubaya pia: miaka ilihesabiwa, ujuzi haukupimwa. Fundi mwenye choyo aliweza kumtuma kijana kuchota maji na kufagia, akimficha siri za kazi asije akawa mshindani wake. Miaka ikatimia, na kijana akatoka mikono mitupu. Kijana huyo ameibiwa, ijapokuwa hakuna sanduku lililovunjwa. Wala tusidhani ya kuwa wizi huo ulikwisha pamoja na sheria ile. Hata leo mtu aweza kuuona katika karakana zetu.

Palikuwa na fundi mmoja huko London, jina lake Henry Maudslay, aliyezaliwa mwaka 1771. Yeye hakuutimiza uanagenzi wa miaka 7. Alianza kazi mwenye umri wa miaka 12 huko Woolwich, penye maghala ya silaha ya Serikali, akijaza baruti. Kisha alipelekwa kwa maseremala, kisha kwa wahunzi, na huko moyo wake ukatulia. Alipokuwa na miaka 18 aliitwa na Joseph Bramah, mtengenezaji wa makufuli. Husimuliwa ya kuwa watu wa mahali pale walimtilia shaka, kwa kuwa hakuwa na miaka yake 7. Naye akaomba apewe jiliwa moja kuukuu, yaani chombo cha kubania chuma, akaahidi kulitengeneza kabla ya saa ya kuacha kazi. Akalitengeneza, wakalitazama, wakaridhika. Hakujisifu, kazi yenyewe ilimshuhudia. Lakini mwaka 1797 alipoomba kuongezewa mshahara wake wa shilingi 30 kwa juma, alikataliwa. Akaenda zake akafungua karakana yake mwenyewe.

Katika karakana hiyo alikuwa na chombo cha kupimia chenye parafujo iliyokatwa kwa uangalifu mwingi, kilichoweza kuonyesha kosa dogo kuliko sehemu moja ya elfu ya inchi. Alikiita kwa cheo cha hakimu mkuu wa Uingereza, maana ndicho kilichokata mashauri. Palipokuwa na shaka juu ya kipimo, hapakuulizwa nani mkubwa na nani mdogo; kitu kilipelekwa mbele ya hakimu yule. Naye hakuujua uso wa bwana wala uso wa kijana.

Sasa tufikiri juu ya kazi moja ya karakana ionekanayo kuwa ndogo, nayo ni kuufanya uso wa chuma uwe sawasawa kabisa. Joseph Whitworth, aliyefanya kazi kwa Maudslay katika ujana wake, aliieleza namna yake mwaka 1840 mbele ya mkutano wa wataalamu huko Glasgow. Ukichukua mabamba mawili ya chuma na kuyalinganisha moja kwa jingine, yaweza kupatana hata usione mwanga katikati, na kumbe yote mawili yamepotoka. Moja limetuna kama mgongo wa kobe, jingine limebonyea kama bakuli, na tumbo la hili laingia katika shimo la lile. Kupatana kwao ni kweli, lakini usawa wao ni uongo. Dawa yake ni bamba la tatu. La kwanza hulinganishwa na la pili, la pili na la tatu, na la tatu na la kwanza. Hapo upotofu hauna mahali pa kujificha, maana mabamba mawili yaliyobonyea hayawezi kupatana. Bamba hupakwa rangi nyekundu yenye mafuta, huwekwa juu ya mwenziwe, husogezwa kidogo, huinuliwa. Palipo juu hushika rangi, napo hukwanguliwa kidogo kidogo. Kisha kazi huanza tena. Mkono wauma, siku zapita, na mwisho hakuna cha kuwaonyesha watu ila uso mtupu wa chuma. Lakini pasipo uso huo hakuna kipimo cha kutegemewa, wala mtambo uendao vema.

Hapo naona jibu la swali letu. Fundi mwenye kiburi na mwanagenzi mwenye kujipendekeza hupatana vizuri sana. Huyu ametuna, yule amebonyea. Vivyo hivyo mwalimu apendaye kusifiwa na mtoto akaririye Katekisimo ili ampendeze mwalimu. Wote wawili wameridhika, na hapana neno lililoingia moyoni. Kati yao hapana budi pawe na la tatu, ambalo wote wawili wako chini yake. Katika karakana ni kweli ya kazi yenyewe. Katika Usharika ni Neno la Mungu. Nabii Amosi alimwona Bwana amesimama penye ukuta, na timazi mkononi mwake. Timazi halikuuliza ukuta ulijengwa na nani.

Labda mtu atasema: Ukimpa kijana kipimo cha kumpimia fundi wake, heshima itakwisha. Sivyo. Siku ya kwanza kijana hajui hata kukisoma kipimo. Hana budi atii kwanza, apate kujifunza. Utii ni mlango wa nyumba, sio nyumba yenyewe. Na deni la fundi ni hili: amfikishe mwanagenzi mahali awezapo kuipima hata kazi ya fundi wake. Amfichaye kipimo amejifanya kipimo yeye mwenyewe.

Mwaka 1829 kijana James Nasmyth alitoka Edinburgh akaja kwa Maudslay. Maudslay alikuwa amekata shauri asipokee tena wanagenzi wa kulipiwa fedha, kwa kuwa walimsumbua. Lakini Nasmyth alileta michoro yake na mtambo mdogo wa mvuke aliouunda mwenyewe. Mzee akaitazama kazi, akamweka awe msaidizi wake, naye akakaa naye hata Maudslay alipofariki mwaka 1831. Nasmyth, Whitworth, Richard Roberts na Joseph Clement, wote walipita katika karakana yake, nao wote wakawa mafundi mashuhuri. Je, alipungukiwa na nini kwa kuwafundisha?

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 35, twasoma ya kuwa Mungu alimjaza Bezaleli ustadi wa kila kazi, tena akamtia moyoni kuwafundisha wengine. Ustadi na kufundisha vilitolewa pamoja. Naye Martin Luther aliandika mwaka 1520 ya kuwa mshona viatu na mhunzi wana kazi yao na wadhifa wao, na kila mmoja apaswa kuwafaa wengine kwa kazi yake.

Basi wewe kijana, kazi ikikushinda leo, usiitupe tupa yako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nanyi mafundi, wazazi na waalimu, msiwazuilie wadogo kile mlichopewa bure. Bwana wetu, aliyejulikana Nazareti kuwa seremala, atujalie sote kuipenda kweli kuliko sifa.