Kifungo cha Paka Shume

Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, na ambayo ni nadra kumpata mtoto wa chuoni katika pwani yetu asiyeisikia, husimuliwa aghalabu kuwa onyo juu ya ukatili, na onyo hilo ni la haki. Lakini mtu aliyemwokota paka shume aliyevunjika mguu kichochoroni, akamtia kizimbani na kufunga mlango, akiikumbuka hadithi hiyo usiku huku akimsikia mahabusi wake akiparura mbao, hataweza kuipita upesi kama alivyozoea, kwani tendo la mwanamke yule, kwa sura yake ya nje, ndilo alilolitenda yeye.

Paka shume si paka wa nyumbani aliyepotea njia. Amezaliwa juu ya mapaa na chini ya mabaraza, Mji wa Kale Mombasa au kule Lamu, riziki yake ni matumbo ya samaki na panya awawindao mwenyewe, na kama hakuzoeshwa watu katika miezi miwili ya mwanzo wa uhai wake, ni shida kuzoea tena. Kwa hiyo agongwapo na pikipiki na kuchukuliwa ili atibiwe, haoni kwamba ameokolewa bali kwamba ametekwa, wala hapana lugha ya kumbainishia kuwa daktari wa mifugo ameagiza majuma kadhaa ya kutotembea ili mfupa uunge.

Kazi ya kumuuguza, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kujizuia. Kizimba hufunikwa kitambaa, ndani hutiwa sanduku la kujifichia na chombo cha mchanga, na chakula huletwa saa zile zile na mtu asiyemkazia macho wala kumpapasa. Maziwa, ambayo huruma huyakimbilia kwanza, huwaharisha paka wengi wazima. Na Panadol, ambayo sisi huimeza bila ya kuwaza, yaweza kumuua kwa kidonge kimoja, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Akisusa kula siku mbili tatu, si jambo la kungojea. Na akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao. Wapo watu wema waonao haya kwenda, wakidhani kuumwa na paka ni jambo la kuchekwa, na haya hiyo ni ya kipumbavu.

Basi ni kwa haki gani tunamfunga? Mtoto hunyweshwa dawa chungu bila ya ridhaa yake, lakini ana wazazi wenye mamlaka juu yake, na kesho atakuwa mtu mzima na kuyafahamu yaliyotendwa. Paka shume hana kesho ya namna hiyo. Jawabu naliona katika kipande cha mwisho cha hadithi yenyewe, ambacho msimulizi mwenye haraka hukiacha: mwanamke yule alilaumiwa kwa kuwa hakumlisha, na tena hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhi. Wafafanuzi walifahamu kutokana na hapo kwamba kumfunga paka kunajuzu maadamu analishwa na kunyweshwa, nami nasadiki, ila naona pana zaidi, kwamba maneno yale yanamtambua paka kuwa na riziki yake iliyoitangulia hisani yetu, na kwamba mwenye kuuziba mlango wa riziki hiyo, hata kwa nia njema, amejitwika dhima yake nzima, akawa ni mdaiwa wala si mfadhili.

Tena Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alipoinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, alimweleza mkaza mwanawe aliyestaajabu kwamba Mtume amesema paka si najisi, kwani ni katika wenye kutuzungukia. Heshima ya paka katika sheria, basi, imejengwa juu ya mwendo wake, wa kuingia na kutoka apendavyo, na aliyemo kizimbani amenyang'anywa sifa hiyo hasa.

Husemwa kwamba fadhila ya punda ni mateke, na mna dhuluma katika methali hii, kwa kuwa punda hakuomba fadhila wala hakuagana na mtu malipo. Paka anayefoka na kutoa makucha mpaka siku ya mwisho humfanyia mwuguzi wake jambo asiloliweza paka mpole: humnyima ujira wa hapa duniani. La kuogopwa zaidi ni kinyume chake, pale majeruhi anapoanza kula mbele ya mtu bila ya kunguruma, na mtu akaanza kumtamani, akasema mguu bado, ilhali mguu umekwisha kupona. Hapo amana imegeuka kuwa ghasbu, yaani unyang'anyi. Na arudishwe pale pale alipochukuliwa, ambapo anajua maji yalipo na maadui walipo.

Matabibu wengi huitumia fursa ya usingizi wa dawa kumhasi, wakamkata ncha ya sikio iwe alama kwamba amekwisha kuhasiwa. Imam Nawawi, wa madhehebu yetu ya Shafii, alikataza kumhasi mnyama asiyeliwa, na wako wanazuoni wa zama zetu walioruhusu ili kuepusha madhara. Mimi si fakihi. Nasema tu kwamba mguu hutibiwa kwa maslahi ya paka huyu, na kuhasi ni kwa maslahi ya mtaa zaidi, na si insafu kuyafunika yote mawili kwa neno moja la huruma.

Yuko pia asiyepona. Simsemi aliyekatwa mguu, maana paka wa miguu mitatu hupanda kuta na kuwinda. Namsema aliyepofuka macho yote mawili, ambaye akirudishwa anarudishwa kufa, na akibaki kifungo chake ni cha maisha. Wapo wasemao heri achomwe sindano, nami siungani nao maadamu anakula na hana maumivu. Lakini aliyemfungia hana ruhusa tena ya kusafiri bila ya kumkabidhi kwa jirani aliyekubali kwa kinywa chake, na katika wasia wake, panapotajwa vitanda na masufuria, paka huyo naye atajwe, pamoja na fedha za samaki wake.