Kuzuru na Kutalii

Watu wengi hudhani ya kuwa kupanga safari ni hesabu tu: siku ngapi, fedha kiasi gani, gari la nani. Mimi nami nilidhani hivyo nilipoketi na karatasi kupanga likizo ya Juni kwa ajili ya binti zangu wawili, ambao wamezaliwa Dar es Salaam na wanaijua Mara kwa majina tu. Nilitaka waione Musoma, Butiama na Bunda, kisha waingie Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa lango la Ndabaka. Hesabu ilikwisha kwa jioni moja. Lililobaki halikuwa la hesabu, nalo linanisumbua hata leo.

Msomaji asiyeijua nchi ile anastahili maelezo machache. Mji wa Musoma umejengwa juu ya rasi katika Ziwa Victoria. Uso wa ziwa hilo u zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ingawa sisi tuliokulia kandokando yake hatulihesabu kuwa ziwa la milimani. Karibu na hapo humwagika Mto Mara, uliokwisha kupita Kenya na upande wa kaskazini wa Serengeti. Butiama iko ndani zaidi, mbali na maji. Bunda iko kusini, katika barabara kuu iendayo Mwanza, na lango la Ndabaka liko katika barabara hiyo hiyo. Nyuma ya lango ni mkono wa magharibi wa hifadhi, ambamo mito ya Grumeti na Mbalageti hutiririka kuelekea Ghuba ya Speke. Nyumbu hufika mkono huo aghalabu mwezi wa Mei na Juni. Na kwa kuwa masika huugeuza udongo mweusi wa pale kuwa tope la kunasa magurudumu, Juni ni mwezi wa busara. Kiingilio cha raia ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa ng'ambo. Kinachokula fedha ni gari. Mwenye duka dogo wa Bunda aweza kukinunua kiingilio asiweze kuinunua njia, na hilo peke yake lingetosha kuwa insha nyingine.

Nilipomweleza baba mdogo mpango wangu, alicheka. Yeye analima pembezoni mwa Bunda.

"Mwanangu," akasema, "unalipa ili umwone tembo? Mimi hunijia bila ya kuitwa, na akija hula."

Shamba lake la mahindi liliwahi kuliwa kwa usiku mmoja. Hamchukii tembo. Alistaajabu tu kwamba kitu kimoja chaweza kuwa hasara kwa mtu na starehe kwa mtoto wa ndugu yake.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo siku hizi tunayachanganya, kutalii na kuzuru. Kutalii ni kutazama na kuchungua. Kinachotazamwa hakiulizwi ruhusa. Kuzuru ni kumwendea mtu, aghalabu mkubwa au mgonjwa, au kuliendea kaburi. Yuko wa kupigiwa hodi. Kwa Butiama sikupata taabu. Huko tutazuru. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa kuzikwa kwao Mwitongo, na sijapata kumwona mtu aliyefika kaburini pake akasahau kushusha sauti. Walakini Serengeti mwenyeji ni nani? Je, ni nyumbu? Ni askari wa langoni? Asiyekuwa na mwenyeji hana budi kutalii, na mimi sikutaka binti zangu watalii katika nchi ya babu zao.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamasai walitolewa katika mbuga za Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la namna nyingine. Upande wetu wa magharibi, Waikoma, Wanata na Waikizu walikuwa wakiwinda katika ardhi ambayo leo haiingiwi bila ya kibali. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba wanyama wa nchi hii ni amana ya kutunzwa kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja. Naikubali amana hiyo kwa moyo wote. Lakini amana ina gharama ya kuitunza, na insafu yataka tuulize gharama hiyo inatoka mfukoni mwa nani. Katika miaka hii ya 2020 serikali iliamua kuwahamisha kwa fidia wakazi wa kata ya Nyatwali, Bunda, ili wanyama wapate njia ya kulifikia ziwa. Sisemi ya kuwa uamuzi ule ulikuwa mbaya. Mnyama naye huona kiu, na mahali pembamba pakikaliwa na tembo na wakulima, wote wawili hupata hasara. Nimewasikia waliosema wamechoka kukesha shambani na wako tayari kwenda. Nimewasikia pia waliosema fidia haikulingana na walichokiacha. Wote nawaamini.

Basi je, mgeni ana fungu katika deni hilo? Yuko atakayesema hana: hakuwako wakati mipaka ikichorwa, na kiingilio amelipa. Hoja hii ina nguvu, lakini haifiki mbali. Kiingilio ni bei ya lango. Anayefurahia kitu kilichotunzwa kwa hasara ya mwingine hana hatia kwa furaha yake. Ila hawezi tena kudai ya kuwa jambo lile halimhusu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Husemwa mara nyingi kama maneno ya ukaribisho, na watu husahau kwamba ndani yake mna sharti: mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona? Nikaichukua tena karatasi yangu. Badala ya kulala hifadhini tutalala Bunda. Chakula tutanunua Bunda, gari tutakodi kwa mtu wa Bunda. Najua ya kuwa haya ni madogo, tena yamkini ni hila ya dhamiri kujitafutia usingizi. Hata hivyo sikuona kwamba udogo wake ni sababu ya kutoyafanya.

Kulikuwa na neno moja zaidi nililoliogopa. Yuko mama mmoja mzee, jamaa ya baba mdogo, ambaye ni miongoni mwa waliohama Nyatwali. Niliona ya kuwa kumwalika ni kumtukana, na kutomwalika ni kumficha, nikanyamaza wiki mbili. Mwishowe yeye ndiye aliyeleta salamu: amesikia kuna gari, je, nafasi ipo? Simba hawataki. Anataka tusimame barabarani kabla ya lango, tuelekee upande wa ziwa, atazame kama mwembe wake bado umesimama. Baada ya hapo, alisema, tukipenda twende kwa wanyama wetu, naye ataketi garini.

Karatasi yangu ina safu mbili, moja ya majina ya wageni na moja ya wenyeji watakaotupokea. Binti yangu mdogo aliniuliza bibi huyu aandikwe wapi, nami sikuwa na jawabu. Jina lake lipo juu kabisa, nje ya safu zote mbili. Tutakwenda siku ya pili baada ya Butiama. Ameomba tuondoke alfajiri, jua lisije likawa kali, maana hajui atasimama pale kwa muda gani.