Haki ya Mgonjwa Ajaye

Juni 2011, hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, iliyoko Bethesda katika jimbo la Maryland, ilimpokea mwanamke aliyehamishwa kutoka hospitali moja ya New York. Madaktari walijua tangu alipofika kuwa amebeba Klebsiela, bakteria wa tumboni, wa aina isiyosikia karbapenemu, zile dawa za sindano zinazowekwa akiba mpaka nyingine zishindwe. Wakamtenga. Waliomhudumia walivaa makoti ya kujikinga na glovu. Mwezi mmoja baadaye akaruhusiwa kwenda nyumbani, na ilionekana tahadhari imetosha. Mwanzoni mwa Agosti bakteria yule yule akaonekana kwa mgonjwa mwingine, kisha mwingine tena. Mwishowe walioambukizwa walifika 18. Kati yao 11 walifariki, na vifo 6 madaktari walivihusisha moja kwa moja na bakteria huyo.

Wataalamu waliposoma vinasaba vya bakteria wa kila mgonjwa, walibaini kuwa mlipuko wote ulitokana na mwanamke yule, tena kwa njia zaidi ya moja. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wamekaa na bakteria huyo tumboni kwa wiki kadhaa bila dalili yoyote kabla ya kipimo kumwona. Alikutwa kwenye mifereji ya masinki, na hata kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa. Hospitali ikajenga ukuta kuwatenga wagonjwa, ikafukiza vyumba kwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi, na ikaweka watu wa kusimama wodini na kuangalia kama kila anayeingia ananawa mikono.

Hao watu wa kuangalia mikono ndio wanaonifikirisha zaidi. Hospitali yenye maabara ya kusoma vinasaba, yenye mabingwa wa kila fani, ililazimika kumpa mtu kazi ya kumtazama daktari akinawa. Nadhani ni kwa sababu anayenufaika na mikono safi hayupo mbele ya macho. Daktari anayetoka kwa mgonjwa wa kwanza anamwona huyo, anamjua jina, anaona maumivu yake. Yule wa kitanda cha tatu, ambaye atapelekewa bakteria katika muda wa kuvuka chumba, bado hajamfikia. Kumheshimu mtu aliye mbele yako ni rahisi. Anayekuja baadaye hana wa kumsemea.

Bakteria huyu anaweza kuishi katika utumbo wa mtu kwa miaka bila kumdhuru. Anaua anapopata njia ya kuingia kwenye damu, mapafu au kibofu: mpira wa mkojo, kidonda cha upasuaji, mrija wa kupumulia. Ndiyo maana anayembeba bila kuugua kwa kawaida hapewi antibayotiki, kwani dawa ingezidi kuwakomaza bakteria walioko tumboni mwake. Dawa ni ya aliyeugua, na hapo uchaguzi ni finyu. Kwa miaka mingi madaktari walirudi kwenye kolistini, dawa kongwe iliyokuwa karibu kuachwa kwa sababu inaumiza figo. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha seftazidimu iliyochanganywa na avibaktamu, na mchanganyiko huo unaikabili vizuri kimeng'enya cha KPC, ambacho bakteria hutumia kuvunja karbapenemu, na ndicho kilichosumbua Bethesda. Lakini haukifikii kimeng'enya kingine kiitwacho NDM. Na NDM ndicho kilichokutwa katika Klebsiela za wagonjwa wa Nairobi za kati ya 2007 na 2009. Hata ukiwa na fedha za kununua, dawa inayomfaa mgonjwa wa Maryland yaweza isimfae wa Nairobi.

Kwa hiyo nayathamini sana yaliyofanyika Israeli. Machi 2007, baada ya bakteria huyu kusambaa nchi nzima, Wizara ya Afya iliziamuru hospitali ziripoti kila mbebaji na kumweka mahali pake, akihudumiwa na wauguzi wasiohudumia wengine. Maambukizi mapya ya kila mwezi yalikuwa 55.5 kwa kila siku 100,000 za kulazwa wagonjwa. Kufikia Mei 2008 yalikuwa 11.7. Hapakuwa na dawa mpya.

Hata hivyo, kutenga kuna gharama, na anayeilipa ni mtu asiye na kosa. Mbebaji hakumtafuta bakteria. Mara nyingi alimpata hospitalini alikokwenda kutibiwa. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake: ndugu humlisha, humwosha, hukesha naye. Ukimwekea mlango na watu wa kuvaa glovu bila kumweleza yeye na nduguze, atajiona ametupwa, na tuliouona unyanyapaa wa miaka ya mwanzo ya UKIMWI tunajua unakoishia. Aelezwe kwa lugha anayoielewa. Ndugu waruhusiwe kumwona, wafundishwe kunawa wakiingia na wakitoka.

Na ukweli usifichwe. Umma wa Marekani ulizipata habari za Bethesda Agosti 2012, makala ya kitaalamu ilipochapishwa, zaidi ya mwaka tangu mwanamke yule apokelewe. Naona hospitali hiyo ilikosea. Hospitali huogopa jina baya, lakini mgonjwa anaondoka na bakteria wake kwenda hospitali nyingine, na ya pili ikimpokea bila kujua, inaanza upya kuhesabu maiti.

Wewe daktari unayeandika barua ya rufaa, kama mgonjwa wako amembeba bakteria huyu, liandike jambo hilo juu kabisa, kisha piga simu hospitali itakayompokea. Nanyi wakuu wa hospitali, kabla ya kumkaripia muuguzi asiyenawa, hakikisheni bomba la wodini kwake linatoa maji.